Baba mdogo na grili ya Pijo

Leo baba mdogo amekuja kwangu, na mpaka sasa sijui kama nimesaidiwa ama nimetegwa.

Mnajua ile gari ya Pijo ya marehemu baba ninayoitengeneza nyuma ya nyumba. Miaka yote ikiliwa na kutu hapa Roret, kuku wakitagia ndani, baba mdogo hakuwahi kuiulizia.

Jana injini iliwaka. Leo ako kwa geti, na gunia begani!

"Chamgei, Chebet. Nimesikia gari inanguruma."

Nikatia ufunguo mfukoni haraka.

Akaizunguka polepole. Akagongagonga bodi. Akauliza kama nina mpango wa kuiuza.

Nikasema hapana.

Ndio akafungua gunia.

Grili, ule wavu wa mbele ya gari! Ile orijino, niliyoitafuta hadi Nakuru nikakosa.

"Niliitoa mwenyewe tulipomzika baba yako," akasema. "Niliogopa watu wa skrapu wataiiba."

Nikaona aibu kwa kumshuku. Tukaifunga pamoja, ikaingia sawasawa. Hata nikalia kidogo (msinicheke), nikampatia chai.

Akanywa, akapanguza mdomo, akaiangalia Pijo kwa raha.

"Sasa gari yetu iko tayari."

Yetu?

Watu wangu, hiyo "yetu" nyinyi mnaisikiaje?