Pilipili, Mbwa Asiyebweka

Juzi kwa jirani yangu hapa Butembo niliona mbwa mdogo mwekundu, mkia umejikunja kama pete, paji la uso limejaa mikunjo. Alikuwa akijilamba kama paka. Nikamkumbuka Pilipili.

Nilipokuwa mtoto, mjomba alimtoa kwa wawindaji wa porini, akatuletea kwetu Mabalako. Alikuwa mkaidi, msafi, na hakubweka hata siku moja. Nilidhani koo linamuuma, nikawa namlambisha asali. Sikujua kwamba mbwa wa aina ile ndivyo walivyo, na kwamba wawindaji huwafunga kengele ya mbao shingoni wasiwapotee.

Mchana mmoja risasi zililia upande wa barabara. Mama alinishika mkono, tukakimbilia shamba la kahawa, Pilipili nyuma yetu. Tulilala kifudifudi kwenye majani yanayonuka mvua. Kijijini mbwa wa watu walikuwa wakibweka. Kisha buti zikapita njiani, karibu kabisa, pamoja na moshi wa tumbaku na maneno ya Kilingala.

Mbavu za Pilipili zilitetemeka chini ya mkono wangu. Aliwatazama askari, kimya, mpaka wakapita wote. Nikiwaza leo kwamba asali yangu ingeweza kumponya, mwili unanisisimka.

“Mama, alikuwa anaogopa?” niliuliza baadaye.

“Hapana, mutoto wangu. Alikuwa anatuficha.”

Jioni mama, ambaye hakumruhusu mbwa yeyote kukaribia chungu, alichukua samaki wetu wa mwisho, akamtoa miiba kwa vidole, akamweka mbele ya Pilipili.

“Kula, papa,” akamwambia, kama anayesema na baba. “Kula yote.”