Fungu la Mwewe

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi dukani, kwetu Muheza, kuku akitotoa, Bibi mzaa mama alichagua kifaranga mmoja akamfunga uzi mweusi mguuni. "Huyu wa mwewe," alisema. "Msimpe jina." Mwewe mwenyewe hakujali uzi, alinyakua yeyote, na Bibi alitamka tu, "Kachukua fungu lake." Mambo ya kifaranga, lakini ndiyo yaliyomwondoa Bibi duniani.

Mjomba Hamza, mdogo wake mama, alichoshwa na fungu hilo. Siku moja alitia sumu ya panya kwenye kifaranga aliyekufa, akamweka juu ya banda la kuku. Jioni tuliwakuta mwewe wawili chini, mabawa wazi. Mjomba akacheka, "Waje tena!"

Bibi hakucheka. "Hamza, huyu alikuwa akija mchana, tukimwona. Atakayekuja badala yake hatutamwona."

"Ah, mama nawe! Mambo ya kale hayo."

Majirani wakamwiga. Vifaranga wakakua wote, watu wakafurahi. Panya nao wakajaa, wakatoboa magunia ya mahindi, wakakimbizana darini. Nyuma ya panya akaja nyoka, swila mwenye sumu kali. Bibi alitia mkono kwenye kiota cha kuku atoe mayai, akapiga ukelele mmoja. Tulipomfikisha hospitali alikuwa hasemi tena. Mjomba alilia msibani mpaka wanaume wenzake wakamshika. Mimi uchungu ule haujanitoka.

Watu walisema ni kudra. Haya, kudra. Lakini zamani pale machinjioni kwetu Muheza mwewe na tai walizunguka mpaka shingo ikuume kwa kuwatazama. Mwaka hadi mwaka wakapungua, sumu huku, mivule waliyojengea viota inakatwa kule. Sasa naishi mjini, mtaa wa Nguvumali, nafuga kuku uani, na naweza kushinda nje kutwa nisione hata kivuli kikipita. Anga jeupe hivyo linanitisha, wallahi.

Kuku wangu akitotoa, nafunga uzi mweusi. Mume wangu hunitania, "Mgeni wako kakawia." Ni kweli, yule wa mwaka jana hakuja wa kumchukua. Amekuwa jogoo mkubwa, uzi umeshamkatikia mguuni, na wanangu wamempa jina. Kila alfajiri anawika. Nami nikienda kutoa mayai, nachungulia kwanza kiotani, halafu ndipo natia mkono.