Soumaya Amwonea Wivu Tonton Frite

Soumaya wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, ana wivu. Hili si siri, na yeye mwenyewe ukimwambia atakubali, kisha atakuuliza ni nani aliyekuambia na alikuwa anaongea na nani. Mama yake, Mama Fatouma, husimulia kwamba wivu ule ulianza mapema: jirani akipakata mtoto mwingine mbele yake, Soumaya alilia mpaka akapaliwa. Shuleni alimnunia rafiki yake muhula mzima kwa sababu alikubali kusukwa nywele na msichana mwingine. Leo ni mama wa watoto wawili, ana cherehani yake barazani, anashona vizuri kuliko mafundi wengi wa mtaa ule, na bado mteja akipeleka kitambaa kwingine habari zinamfikia kabla mkasi haujaingia. Wakikutana njiani, humjibu salamu kwa ncha ya ulimi.

Mwanamke wa namna hii huombewa mume mpole, na Soumaya alimpata. Moubarak alikuwa fundi wa viti vya magari. Alivua viti vilivyochakaa, akavijaza sponji mpya na kuvivika ngozi ya plastiki, halafu mwenye gari akaketi na kujiona waziri. Maneno hakuwa nayo. Ukimuuliza kazi inaendaje, anasema, "Tunasonga." Ukimuuliza mchuzi, anasema, "Iko sawa." Siku ya harusi yao wanawake walipiga vigelegele hadi sauti zikakauka, mashangazi wakamzunguka bwana harusi kwa viuno, naye akasimama pale pale kama nguzo ya umeme, anafuta jasho. Soumaya hakukasirika hata kidogo. Alijisemea kuwa mume asiyecheza na mkewe hatacheza na mwingine, na kwa miaka yote ile alilala usingizi wa raha.

Kuhusu mama mkwe wake, hapo usiseme. Mama Fatouma akiingia uani, Moubarak husimama, huinamisha kichwa, hushika kiwiko cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, na kumsalimia huku akitazama miguu yake mwenyewe. Hali chakula mbele yake. Hacheki kwa sauti. Redio ikiwa inaimba, anaizima. Wakwe wa Buyenzi wengi wana adabu, lakini adabu ya Moubarak, Mama Fatouma aliitangaza hadi mtaa wa Ngagara kwa dada yake, ili wenye wakwe watovu wa adabu waumie kidogo.

Halafu mafuta yakaadimika Bujumbura. Magari yakalala nyuani, watu wakatembea kwa miguu, na mtu asiyejua atapata petroli lini hawezi kufikiria kubadilisha kiti. Moubarak alikaa kwenye karakana akifukuza nzi, hadi alipotafutwa na Gélase, mwenye snack mpya, mkahawa mdogo wa chips, katikati ya mji.

Gélase alikuwa na akili ya biashara. Alikuwa amewaona wanafunzi wameinamia simu zao, wanacheza mchezo mmoja wa vita uliowapagawisha vijana wa mji mzima, wa Kiriri kwa matajiri na wa Buyenzi sawasawa. Katikati ya mchezo huo, mabomu yakilia kila upande, kuna duka la chips, na mlangoni pa duka amesimama kikaragosi wake, jina lake Tonton Frite, yaani Mjomba Chips: pakiti nyekundu ya chips yenye miguu, vijiti vya viazi vimesimama kichwani badala ya nywele, glovu nyeupe, macho makubwa, na cheko la meno yote. Tonton Frite hapigani na mtu. Ukimfikia umejeruhiwa, unapiga makofi matatu, naye anakuchezea, na akimaliza kucheza umepona. Watoto wanampenda kuliko askari wote wa mchezo ule. Gélase akataka Tonton Frite wa kweli mlangoni pake, akatafuta fundi wa sponji.

Moubarak alikitengeneza kichwa kile kikubwa, kilichofunika hadi kiunoni, kwa ngozi nyekundu ya viti. Soumaya alishona suruali na glovu. Vijana wawili wa Gélase walikijaribu, na joto likawashinda kabla ya adhuhuri. Moubarak, aliyezoea joto la karakana na hakuwa na haja ya kuongea, akasema kwa sauti ndogo, "Mi naweza."

"Sawa," Gélase alimwambia. "Mais sikia. Makofi yakilia, Tonton anacheza. Siku mutoto apige makofi na we usimame tu, hiyo kichwa nampa mutu mwingine. Na usiivue mbele ya watu. Tonton haiko mutu."

Moubarak akakubali. Alimwomba mkewe jambo moja tu: Mama Fatouma asijue. Mama akaambiwa kwamba mkwe wake amepata kazi mjini, kwenye restora, jambo ambalo si uongo. Chungu kikarudi jikoni, watoto wakarudi shuleni, na Soumaya akamshukuru Mungu kwa moyo wake wote.

Shukrani hizo zilidumu hadi siku Chanelle, jirani yake msusi, alipokuja barazani na simu mkononi.

"Angalia huyu Tonton wa kwa Gélase! Huyu mwanaume ana kiuno, we! Ni mutu gani huyu?"

Kwenye simu, pakiti nyekundu ilikuwa inatikisa mabega. Ilichuchumaa, ikaruka, ikazunguka kwa mguu mmoja, ikapunga vidole vyeupe hewani. Watoto walikuwa wanapiga kelele za furaha. Kisha msichana mmoja mwenye misuko myekundu akajitokeza, Tonton akamshika mkono, akamzungusha, na msichana akaangukia kifua cha ile pakiti akicheka. Soumaya akatazama glovu. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa na mshono alioushona mara mbili kwa mkono wake. Akatazama goti la kushoto, lile linalokwenda nje kidogo.

"Mi nitajuaje ni nani?" akamjibu Chanelle, na sindano ikamchoma kidole.

Msichana wa misuko myekundu hakuwa tatizo. Wasichana Soumaya aliwajua, na dawa yao aliijua. Kilichomkata maini ni kile kiuno. Kiuno kile kilikuwa chake kwa ndoa, mbele ya mashahidi, kimekula wali wake miaka yote, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kipo. Watu wa barabarani walikipata kwa bei ya chips, na yeye mwenye nyumba hajakiona hata sikukuu.

Jioni Moubarak alirudi, akaoga, akala. "Iko sawa," akasema juu ya maharage.

"We unajua kucheza?" Soumaya akamuuliza.

"Apana."

"Na Tonton?"

"Tonton ni kazi."

"Nichezee kidogo, basi. Watoto wako kwa Chanelle. Hakuna mutu."

Moubarak akatabasamu kwa kuitazama sakafu, kama anavyotabasamu siku zote. "Soumaya, bila kichwa mi siwezi," akasema, akachukua sahani yake kuipeleka jikoni.

Tangu jioni hiyo Soumaya alikionea kichwa wivu. Alitamani kukichana. Aliomba ile video kwa Chanelle kwa kisingizio kwamba watoto wanaipenda, akaitazama akiwa peke yake hadi chaji ikaisha. Aliwaonea wivu wanafunzi, akawaonea wivu watoto wa watu wenye makamasi waliobebwa na zile glovu, akamwonea wivu hata Gélase anayekaa kaunta na kuona yote bure. Angeweza kwenda mjini kufanya fujo. Lakini fujo aliiona ni kazi ya wanawake wasiofikiri, na yeye alikuwa amefikiri. Duniani kilikuwepo kitu kimoja tu cha kumgandisha Moubarak, na kitu hicho kilikuwa kinaishi avenue ya pili kutoka kwake.

"Mama," alisema, "Jumapili nikutoe."

"Unitoe wapi?"

"Mjini. Tukakule chips."

Mama Fatouma, ambaye hakuna mtoto wake aliyewahi kumtoa popote isipokuwa hospitali, aliwaambia majirani wote. Jumapili akajifunga kitenge chake cha sikukuu, akajitanda mtandio wa zambarau, na wakaondoka kwa miguu, mdogo mdogo. Njia nzima mama alimwombea bintiye dua. Soumaya aliitikia amina. Kazi ya mumewe haikumpitia akilini. Alitaka jambo moja tu: Moubarak asimame. Wale wasichana wamwone alivyo, nguzo, kama alivyosimama siku ya harusi yake.

Mlangoni pa snack palikuwa pamejaa. Tonton Frite alikuwa katikati ya watoto, mikono juu, mguu mmoja hewani, wakati mtandio wa zambarau ulipovuka barabara. Mguu ukashuka. Mikono ikashuka. Pakiti ikarudi nyuma kuwapisha, ikainama, glovu ya kushoto ikashika kiwiko cha kulia, na vijiti vyote vya viazi vikaelekea ardhini. Mama Fatouma akasimama akaitazama kwa muda, akaiitikia salamu kwa kichwa, kisha akaenda kuketi kwenye meza ya nje.

Sahani ya chips ikaja. Watoto wakapiga makofi matatu. Tonton akabaki amesimama tu.

Wakapiga tena, kwa nguvu. Mtoto mmoja akamvuta suruali. "Tonton amekufa!" mwingine akapaza sauti, na wakubwa wakacheka. Gélase akatoka ndani akiwatabasamia wateja, akasogea karibu na kile kichwa.

"Cheza," akasema.

Tonton hakucheza.

"Nakuambia cheza. Ao vua hiyo kichwa sasa hivi, nimupe mwingine."

Soumaya alikuwa amekipata alichokuja kukitafuta, na alikifurahia kwa muda wa kutafuna kijiti kimoja cha kiazi. Kisha akaliona goti la kushoto. Lilikuwa linatetemeka ndani ya suruali aliyoishona yeye. Mumewe hakuweza kucheza kwa sababu ya Mama Fatouma, na hakuweza kuvua kichwa kwa sababu ya Mama Fatouma huyo huyo. Ilikuwa rahisi kusema, "Mama, tuondoke." Maneno yalifika hadi mdomoni. Lakini wakati ule ule msichana wa misuko myekundu alikuwa amemshika Tonton mkono, anambembeleza, "Nini, Tonton? Unaumwa?" na Soumaya akafumba mdomo, akabaki pale pale.

Mama Fatouma akajifuta vidole.

"Soumaya."

"Abee, mama."

"Huyu ni mukwe wangu?"

Soumaya alitazama sahani. Kwa mtu aliyemzaa, hilo lilitosha.

"Mi sikujua," mama akasema polepole. "We ulijua. Ulinileta hapa nimufunge miguu."

Hakugomba. Aliegemea meza akasimama, mzee wa watu na magoti yake, akageukia mlangoni. Akaushika mtandio kwa mikono miwili, akaushusha juu ya uso wake wote hadi kidevuni, akaukunja tena mara ya pili ili pasibaki hata tundu la mwanga.

"Tonton!" akaita kutoka ndani ya ile zambarau. "Cheza, mwanangu. Mi sioni kitu."

Na akapiga makofi matatu.

Pakiti haikusogea kwanza. Halafu bega moja likapanda, likashuka. Likafuata la pili. Watoto wakalipuka kwa kelele, msichana wa misuko akaachia mkono na kurudi nyuma, Gélase akapumua akarejea kaunta yake. Soumaya alikuwa ameiona ngoma ile kwenye simu, lakini simu ni ndogo. Hapa aliona jinsi miguu mizito ya fundi wa viti ilivyokuwa inagusa lami na kuondoka kabla lami haijajua. Alicheza kwa watoto, akacheza kwa wasichana, kisha akaja mbele ya mwanamke mzee aliyejifunika, akashuka chini kabisa, taratibu, glovu moja kifuani, akamchezea yeye kuliko wote. Yale macho makubwa hayakugeukia hata mara moja kiti cha Soumaya, upande wa pili wa meza.

"Anacheza?" mama akauliza ndani ya mtandio.

"Anacheza, mama."

"Mi nimejifunika. Niambie, anachezaje?"

Soumaya alitaka kusema kawaida tu. Alimwonea wivu msichana wa watu, akawaonea watoto, na sasa alimwonea wivu mama yake mzazi, ambaye haoni kitu na amepewa yote. Akaitazama ile miguu tena, na machozi yakamtoka mbele ya wateja wa watu bila kuomba ruhusa.

"Anacheza vizuri," akasema. "Vizuri sana, mama. Na mi hajanichezea hata siku moja."

Mama Fatouma alimtafuta bintiye kwa mkono juu ya meza, akayapita yale machips, akampata kifundo cha mkono, akakishika.

"Sema kwa nguvu," akamwambia. "Ile kichwa ni nene. Hasikii."