Siku Haboba Aliponipeleka Jinja

Mvua kubwa ikinyesha hapa Kisugu, Kampala, na mfereji ulio nyuma ya nyumba yetu ukajaa, huja harufu ya majani mabichi yaliyolala majini. Wenzangu hufunga madirisha. Mimi langu huliacha wazi kidogo, maana harufu hiyo ndiyo iliyotupokea, mimi na bibi yangu, tuliposhuka ukingoni mwa mto Naili nikiwa na miaka tisa.

Sisi ni Wanubi, na bibi tunamwita Haboba. Haboba wangu alizaliwa Jinja, akaolewa na mwanajeshi huko huko, akazaa watoto watatu huko huko. Lakini mtu akiutaja mji huo nyumbani kwetu, yeye alikumbuka jambo jikoni akaondoka. Hatukumuuliza. Kwa hiyo darasa letu lilipokwenda kuona chanzo cha Naili, mimi nikabaki kitandani na tetekuwanga na kulia siku mbili mfululizo, hakuna aliyetarajia kwamba Haboba ndiye angesema, "Nyamaza. Nitakupeleka mimi."

Mama, aliyekuwa akiuza nyanya soko la Kalerwe, aliacha kupanga matenga yake akamtazama. "Mama, una hakika?"

"Mutoto analia," Haboba akajibu, kana kwamba hilo lilikuwa jambo geni katika nyumba yenye watoto saba.

Nawaambia ukweli, nilitarajia shimo. Nilidhani chanzo cha mto ni tundu kubwa ardhini, maji yanaruka kama bomba lililopasuka. Nilichokuta ni maji mapana, ya kijani, yametulia, na mwenye mashua tuliyopanda akatuonyesha mahali yalipokuwa yakibubujika kidogo. Kisha akanyoosha mkono ng'ambo, kwenye mnara wa Mzungu ambaye, kwa maelezo yake, aliugundua mto huo.

"Na wanawake waliokuwa wanachota maji hapa," Haboba akamuuliza kwa upole, "wao walidhani wanachota nini?"

Mwenye mashua alicheka hadi akasahau kupiga kasia.

Kilichonishangaza zaidi siku ile ni subira ya Haboba. Huyu alikuwa mtu asiyeweza kungoja chai ipoe, lakini Jinja alitazama kila kitu mara mbili. Daraja la reli, mara mbili. Katika barabara kuu akanisimamisha mbele ya kila duka la zamani lililojengwa na Wahindi, nimsomee majina na miaka iliyochongwa juu kabisa ukutani, hadi shingo ikaniuma. Tukala samaki wa kukaanga. Akaagiza chai. Akaagiza nyingine, nayo hakuinywa. Nikamwambia nimechoka, turudi nyumbani. Akanishika mkono.

"Bado mahali pamoja," akasema.

Tukaingia mtaa wa nyumba ndogo za matofali, tukasimama mbele ya lango la mabati. Haboba hakubisha. Alisimama tu, akiliangalia. Mimi nilikuwa nimebanwa na haja tangu kwenye chai ya kwanza, nikabisha kwa ngumi zote mbili.

Alifungua mwanamke mzee aliyevaa gomesi, lile gauni refu la mkanda la wanawake wa huku, mikono imejaa unga.

"Nabirye," Haboba akasema. Ndivyo Wasoga, wenyeji wa Jinja, wanavyomwita mama wa mapacha.

Yule mwanamke alimtazama. "Mama Halima?" akasema taratibu. "Lakini wewe ulikufa."

Waliketi pale pale kizingitini, na hapo ndipo niliposikia habari ambayo nyumbani haikuwahi kusemwa. Serikali ya wanajeshi ilipoanguka, zamani kabla sijazaliwa, familia za wanajeshi kama babu yangu zilianza kusakwa. Nabirye, aliyekuwa jirani tu, alimficha Haboba na watoto wake nyuma ya magunia ya mahindi kwa siku tatu. Kisha akamvika gomesi yake mwenyewe ili adhaniwe Msoga, akampandisha kwenye lori la mkaa liendalo Kampala. Wiki moja baadaye Haboba akasikia kwamba watu wenye bunduki wameingia nyumbani kwa Nabirye. Habari ikaishia hapo.

"Walikuja," Nabirye alisema. "Wakapekua, wakachukua kuku wote, wakaenda. Sisi hawakutugusa. Mimi ndio nililia kwa sababu yako. Walisema lori moja ilisimamishwa kwa daraja, watu wakashushwa."

"Si ile yetu. Sisi tulipita."

"Mulipita? Na watoto?"

"Wote wanne tulipita. Mama ya huyu ndiye Halima."

Nabirye akanishika mashavu kwa mikono yake yenye unga, akaanza kulia, kisha wote wawili wakacheka, kicheko cha wasichana, huku wakisukumana mabega. Choo nilikitafuta mwenyewe.

Tangu hapo walitembeleana kila mwaka hadi walipozeeka sana. Mimi nilikuwa tayari mama wa watoto wangu nilipoielewa subira ya siku ile. Maadamu Haboba hakuwa amelifikia lango lile, Nabirye alikuwa bado hajafa. Kila aliponisimamisha nimsomee duka jingine, alikuwa akimwongezea rafiki yake dakika chache za kuishi. Na kumbe muda wote huo mwenyewe yuko nyumbani, mzima, anakanda chapati.