Kpalgu ya Mama Tipagya

Mama Tipagya haamini mtu. Ukimpelekea mchuzi, anakukagua wewe kwanza, bakuli baadaye. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta tangu nilipoolewa hapa Savelugu, na hata kaa la moto hajawahi kuniomba, nisije nikapata sababu ya kuingia kwake.

Lakini kpalgu yake, kile kiungo chetu cha mchuzi, jamani! Alizichemsha mbegu za mti wa dawadawa, akazivundika chini ya majani mpaka zikatoa ile harufu ya kiungo inayomtoa mume barazani bila kuitwa. Mke mwenzake, Rahinatu, alivundika yake upande wa pili wa ua, na mtaa mzima ulibishana nani zaidi. Tipagya habishani. "Yule bado anajifunza," alisema, basi.

Siku moja likaja gari la serikali. Akashuka Daktari Wumpini wa maabara, kijana wa hapa hapa.

"Mama, naomba bonge moja la kpalgu yako. Kuna vijidudu humo ndivyo vinavyoivundika. Tukivipata, tutavigeuza unga, kampuni iuuze, wanawake wasiharibikiwe tena na mbegu zao. Na mwenye kpalgu itakayoshinda, kampuni itamjengea kiwanda hapa, akisimamie yeye."

"Mh! Kiwanda. Na mkishaichukua kpalgu yangu, mimi mtanijua?"

"Tutakujua, mama."

"Wote husema hivyo. Ngoja basi."

Nilikuwa natwanga uani kwangu, na ukuta wetu ni mfupi. Nikamwona anapita chumba chake, anaingia cha Rahinatu, ambaye alikuwa sokoni. Akatoka na bonge kwenye jani, akamkabidhi Daktari kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Gari lilipoondoka, akacheka mpaka akakaa chini. Mwizi gani tena huyo, nikajisemea, anayewaogopa wezi?

Mwaka uliofuata gari likarudi na jingine nyuma yake, la watu wa kampuni. Walileta unga wao na kpalgu iliyovundikwa kwa unga huo. Wakapika mchuzi uani, tukala na tuo, ugali wetu. Wazee wakalamba vidole. Rahinatu alionja, akaacha kutafuna, akamtazama Tipagya.

Daktari akasimama, uso umemchangamka. "Tulijaribu kpalgu za kaskazini yote. Ya Mama Tipagya imezishinda! Kiwanda ni chako, mama. Sasa tuonyeshe mkono wako, tuone unavyoivundika."

Tipagya akaenda mpaka kwenye chungu chake. Akashika kifuniko, hakukifunua. Ile sura ya kutoamini watu ilimtoka, sikuwahi kumwona hivyo, na mimi nisiyempenda nilimwonea huruma.

"Si yangu," alisema. "Ni ya huyu. Nilichukua chumbani kwake. Niliona mtaniibia."

Mume wao akainamisha kichwa. Daktari alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kisha akamwendea Rahinatu.

Rahinatu alifuta mikono kwenye kanga, akainuka taratibu. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililouma.

"Basi poa moyo, dada," akasema. "Ya kwako hakuna aliyeigusa."