Dawa ya Pamba Kichwani mwa Makuru

Nikipita kwenye duka la pembejeo pale Mukendo, mjini Musoma, harufu ya dawa ya wadudu hunirudisha Mugeta, kwenye kijiji chetu cha ujamaa, nikiwa darasa la tatu na domo lisilotulia.

Mwaka ule chawa walituvamia. Mimi nilinyolewa kipara kwa wembe, nikanuna wiki nzima. Mdogo wangu Makuru, wa miaka minne, aliukataa wembe kwa mateke, na bibi, aliyemdekeza kupita kiasi, akatafuta njia nyepesi: akampaka kichwani dawa tuliyopulizia pamba. Msimcheke, tafadhali. Ile dawa ilimaliza wadudu wa shamba zima, na kwake chawa alikuwa mdudu tu.

Kabla ya saa sita Makuru alikuwa akitokwa mate na jasho, mwili unatetemeka. Wazazi walikuwa shamba la kijiji. Bibi akambeba mgongoni, akanishika mkono, tukadandia lori la ushirika hadi hospitali. Njia nzima alinifundisha kwa Kiikizu, maana Kiswahili hakukisema: "Ukiulizwa, sema ni homa tu."

Nesi alishika kalamu. "Analetwa kwa nini huyu?"

"Ana homa," nikasema.

Akaandika malaria, kama walivyoandikiwa watoto wengi waliojaa wodini mle, akainuka kuandaa sindano. Nikamtazama Makuru, macho yamemgeuka. Niliogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa bibi.

"Nesi, si homa. Bibi amempaka dawa ya pamba, aue chawa."

"Mnapakaga watoto sumu nyie?" Hakungoja jibu, alikimbia kumwita daktari. Makuru akanyolewa, akasuguliwa kwa sabuni, akachomwa sindano nyingine kabisa. Siku ya nne aliamka akidai ugali na sato.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba nilimzunguka bibi kwa kuwa hakujua Kiswahili. Nimeshakuwa mama ndipo nikafikiri vizuri. Mwanamke aliyepeleka pamba kwa karani wa ushirika kila msimu angeshindwaje kusikia "dawa ya pamba"? Alielewa kila nilichosema. Kutamka mwenyewe aliona aibu. Lakini mkono wake ulikuwa begani kwangu tangu neno la kwanza hadi la mwisho, na haukunifinya.