Daktari Hakutaja Supu

Namukose alikuwa mpishi wa supu karibu na viwanda vya Mbale, na kwa miaka kumi mimi na yeye tulitenganishwa na ukuta mmoja tu kule mtaa wa Nabuyonga. Mimi ni Wilkista, Mkenya, nilivuka mpaka kuja kuuza mitumba, na sina mazoea ya kumsifu mtu. Huyu namwandika kwa sababu nilimwona akikaribia kumuua mume wake kwa mapenzi, na nilikuwepo siku alipojua.

Kwao ni Jinja. Mumewe, Kirunda, alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo. Vita vya mwaka wa sabini na tisa vilipokaribia, walifunga mlango wakakimbilia Mbale na mtoto wao Sulait na godoro moja. Huko walikula muhogo usio na chumvi, maana chumvi haikupatikana dukani, wala sukari, wala sabuni. Kirunda alikonda mpaka akawa anafunga suruali kwa kamba. Siku moja Namukose alimkuta nyuma ya nyumba anatafuna kipande cha ngozi ya ng'ombe. Alipomwona mkewe akakificha mgongoni. Namukose aliniambia kwamba hapo ndipo alipoapa: amani ikirudi, mume wake hatakula tena bila nyama.

Amani ilirudi kwa vipande. Mwaka mmoja unalala salama, mwaka unaofuata unasikia risasi tena. Namukose hakungoja ikamilike. Alitafuta sufuria kubwa, akachukua mifupa kwa wachinjaji, akawa anaichemsha tangu alfajiri mpaka uboho unayeyuka. Wafanyakazi wa viwandani walipanga foleni na vikombe vyao. Lakini bakuli la kwanza lilikuwa la Kirunda, na hakuna mteja aliyethubutu kulisogelea. Nyumbani akichinja kuku, firigisi ni ya Kirunda pia. Kwao Wasoga firigisi ni ya mume, na mke haigusi hata kwa kuonja chumvi. Nilimwambia mara nyingi kwamba huo ni upuuzi. Alinicheka tu, akaniambia sisi Wakenya hatujui kutunza waume.

Mwaka wa themanini na nane miguu ya Kirunda ikaanza kuvimba. Hospitalini wakakuta presha yake iko juu, na kwamba kwa muda mrefu imekuwa ikiumiza figo. Daktari akasema apunguze chumvi, nyama iwe kipande kidogo kwa siku, arudi baada ya miezi mitatu kupima damu tena. Kipimo hicho ndicho kingeonyesha kama figo zinashikilia au zinakufa.

Namukose alitii kwa namna yake. Hakumpa kipande kidogo, aliondoa nyama yote. Ila mtu aliyekwisha kumwona mumewe akitafuna ngozi hawezi kumwona anakonda tena akakaa kimya. Kwa hiyo alimpa supu, mabakuli mawili kwa siku, nzito na ya chumvi kama ya wateja. Asubuhi ya kwenda kupimwa alimpa la tatu ili apate nguvu ya safari.

Majibu yakatoka mabaya. Kipimo kilikuwa kimepanda sana kuliko cha kwanza. Daktari alisema taratibu kwamba kama figo zimefika hapo, mashine ya kusafisha damu hawana. Kirunda aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia. Alipofika nyumbani akampelekea kaka yake habari aje na gari kutoka Jinja, maana alitaka kufia kwao, karibu na kaburi la baba yake. Namukose akaanza kufunga vitu. Mimi nilikasirika, sijui na nani, nikaenda kumsaidia kukunja mashuka.

Kesho yake akaja Nasuru, kijana wa maabara ya hospitali, ambaye alikuwa akinywa supu kwa Namukose karibu kila siku. Alikuta jiko limezimwa na vifurushi mlangoni. Alipoelezwa akamuuliza Namukose mgonjwa alikula nini asubuhi ya kipimo.

"Nyama mimi sijampa," Namukose akasema. "Miezi tatu sijampa. Supu tu."

"Supu hii yako, Mama?"

"Daktari alisema nyama. Hakusema supu."

Nasuru akakaa juu ya kifurushi. Akaeleza polepole kwamba nyama ikichemka muda mrefu, kuna kitu ndani yake kinageuka na kuwa uchafu uleule wanaoupima katika damu, na kinaingia katika mchuzi. Mtu akinywa, kipimo kinapanda hata kama figo hazijazidi kuharibika. Hilo ni kipimo tu, akasema. Lakini chumvi ile ilikuwa inamuumiza kweli, na miguu ilikuwa shahidi. Aache supu kabisa, arudi baada ya wiki moja, na tangu siku ya kuamkia kipimo asiguse nyama wala mchuzi wake.

Kaka wa Kirunda alipofika na gari aliambiwa angoje. Wiki ile Namukose hakuwasha jiko la biashara. Alikuwa anamwangalia mumewe miguu, asubuhi na jioni, anabonyeza kwa kidole aone shimo linafutika haraka au linabaki. Nilimhurumia mpaka nikaacha kumtania.

Majibu ya pili yalikuwa karibu sawa na yale ya kwanza kabisa. Figo zimechoka lakini zinafanya kazi, akasema daktari, na akitunzwa ana miaka mbele yake. Safari hii alitaja na supu. Kirunda akamwambia kaka yake ageuze gari.

Namukose hakufurahi kama nilivyotegemea. Alisema ni mikono yake iliyomjaza maji mume wake, na kwamba hastahili kumpikia. Idi ilipofika Kirunda alichinja jogoo, Namukose akapika bila chumvi, akaleta sahani ya mumewe: ndizi, mboga, na firigisi peke yake, kwa kuwa hicho ndicho kipande kidogo cha siku. Nilikuwa nimealikwa, nikaona.

Kirunda akaikata firigisi katikati. Nusu akaiweka kwenye sahani ya mkewe. Namukose akarudisha mikono nyuma kana kwamba sahani ina moto.

"Hii ni ya mwenye nyumba," Kirunda akasema. "Kula, Mama Sulait."

Alikula huku analia, na mimi nikaangalia pembeni.